Amina ya Diwani

Watu wa mtaani kwetu Ujiji wakimkumbuka Diwani huanza na ule mkono wake siku ya maulidi. Na mimi nianzie hapo hapo. Alizaliwa wapi na ukoo gani, hayo hayanihusu, na yeye mwenyewe hakupenda kuulizwa.

Alikaribishwa awasalimie wageni. Akasimama na kanzu yake iliyopigwa pasi mpaka inakata. "Assalaam alaykum!" Watu wakaitikia. Akavuta pumzi, na kabla hajajua, mkono wa kulia ulikwisha kupanda juu, ngumi imekunjwa, na mdomo umeshatamka: "Chama!" Watoto waliokaa mkekani kule nyuma, ambao hawaulizi ni chama gani wala hapa ni wapi, wakalipuka: "Hoyeeee!"

Sheikh akamtazama. Wageni waliotoka ng'ambo ya Burundi wakatazamana. Diwani akaushusha ule mkono taratibu, akajikuna kisogo kana kwamba tangu mwanzo alitaka kujikuna tu, akasema, "Chama cha wenye njaa kisubiri kidogo, pilau inakuja." Watu walicheka mpaka kipaza sauti kikapiga mluzi.

Baadaye nilimuuliza ilikuwaje. Akanionyesha kiganja. "Mzee wa Dagaa, mkono huu una kadi yake peke yake. Mimi nilikuwa nimefika kwenye maulidi, wenyewe ulibaki mkutanoni."

Mzee wa Dagaa ndiyo mimi. Ni Mkatoliki, ni Muha, na biashara yangu ya dagaa iko Kibirizi. Nilianza kwa kubeba magunia ya wenzangu kichwani, leo wenzangu wanabeba ya kwangu. Shule niliiacha mapema na bado sijaona inachonidai. Nasema haya ili ijulikane sikumfuata Diwani kwa kutafuta tenda. Nilimfuata kwa udadisi. Kitabu chetu kinasema mtu hawezi kutumikia mabwana wawili, na hapa mtaani kulikuwa na mtu anawatumikia, asubuhi mmoja na mchana mwingine, na analala usingizi. Nilitaka kujua anafanyaje.

Chukua habari ya kapelo. Chama kiliwapa kapelo zenye rangi ya chama, zile zenye domo refu mbele, na Diwani alikuwa haivui ya kwake. Sasa domo lile halikubali kusujudu, linafika chini kabla ya paji la uso. Wengine huvua na kuweka mfukoni. Yeye aliigeuza tu, domo likaenda nyuma, akaswali. Vijana walimwambia si vizuri kuingiza mambo ya chama msikitini. Akawajibu, "Ikigeuzwa nyuma ni kofia tu. Ikigeuzwa mbele ndiyo inaanza kuongea."

Siku moja alisahau kuigeuza. Akatoka Alasiri moja kwa moja hadi kikao cha kata, kapelo imeangalia nyuma, mtu mzima na ndevu zake nyeupe. Vijana wa chama wakampokea kwa makofi: "Oyaa, Mheshimiwa leo msela!" Hakukasirika. Akakaa hivyo hivyo mpaka kikao kikaisha. Aliniambia, "Leo nimeona raha. Nimekaa kikaoni kofia haiongei."

Vikao navyo vilikuwa na tabia ya kuangukia Ijumaa mchana. Wenzake wengine walikuwa wakiomba ruhusa, wakatazamwa vibaya. Diwani hakuomba. Adhana ikikaribia aliivua kapelo akaiweka katikati ya kiti, akatoka kwa mlango wa nyuma. Mwenyekiti akiuliza, "Mheshimiwa yuko wapi?" wenzake walijibu kwa pamoja, "Kofia yake ipo!" Ikawa desturi. Hata kwenye mahudhurio walimhesabu. Lakini alikuwa mwepesi kwa Jumapili yetu pia. Kuna mwaka walipanga usafi wa mtaro saa ya misa, na yeye ndiye aliyesimama akasema, "Ijumaa mnahesabu kofia yangu. Jumapili mtahesabu kofia za Wagalatia wangapi?" Wagalatia ndiyo sisi Wakristo. Akiniita hivyo namwita Mla Pilau ya Chama, tunakuwa sawa.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Baa za kata yetu zote zilipata kibali yeye akiwa kikaoni, na hakuna hata moja aliyoipinga. Halafu kwenda dukani kununua sukari alikuwa anazunguka kwa njia ya bondeni, kwenye matope, ili asipite mbele ya baa hizo hizo. Nilimkuta huko siku ya mvua kubwa, kanzu ameikunja hadi magotini.

"Diwani, njia kavu iko kule."

"Kule kuna baa."

"Si uliipitisha wewe?"

"Ilipita. Sasa na mimi nipite?"

Akaendelea na matope yake. Jibu kama hilo unaweza kulitafuna wiki nzima usijue ni la mwerevu au la mjinga.

Wakati wa kampeni alikatazwa kusema inshallah jukwaani. Kweli kabisa, nilikuwepo, nimesimama karibu na spika. Bwana mmoja wa kampeni aliyeletwa kutoka mkoa mwingine alimnong'oneza: "Mheshimiwa, usiseme tutachimba kisima inshallah. Wananchi watadhani chama hakina uhakika." Diwani akamgeukia. "Na chama kina uhakika kuliko Mwenyezi Mungu?" Yule bwana akasema hajasema hivyo. Basi tangu siku ile Diwani alikuwa akiahidi, "Tutachimba kisima!" kisha anageuza shingo pembeni ya kipaza sauti, midomo inacheza. Watu wa mbele tuliiona ile inshallah. Wa nyuma hawakuiona, na nadhani ndio waliompa kura nyingi.

Kumeza maneno, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Nikaja kugundua kwamba lipo moja alilokuwa analitema.

Baraza la Madiwani likikaa, mwananchi yeyote anaruhusiwa kuingia na kusikiliza akinyamaza. Nilikuwa naenda biashara ikipoa. Pale mambo hupita kwa sauti. Mwenyekiti anasema, "Wanaoafiki waseme ndiyo," na wote wanaunguruma, "Ndiyooo!" Sasa mimi nimeishi na mnada wa dagaa. Pale Kibirizi watu wanapiga kelele kwa pamoja, na usipomsikia yule mmoja aliyetaja bei yako katikati ya kelele, umelala njaa. Ndiyo maana siku moja, katikati ya ile ndiyo kubwa, nikasikia kitu kingine chembamba kinatoka kiti cha Diwani wetu. Kikao kilichofuata nikakaa nyuma yake. Likaja suala la ushuru wa wauza mboga, ambalo najua lilimuuma kwa sababu mkewe anauza mboga. "Ndiyooo!" wakasema wenzake. Yeye akasema, "Amina."

Nilimsubiri nje.

"Nimekusikia."

"Umesikia nini?"

"Wenzako wanasema ndiyo, wewe unasema amina."

Akanishika mkono haraka akanivuta kando, macho yanatazama mlango. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. "Mgalatia wewe una masikio ya paka. Sikiliza. Tukishakubaliana kwenye kikao cha chama, ndani ya baraza hakuna kupinga. Nikipinga, nimekiasi chama. Lakini ndiyo ni neno langu. Nikilisema, nitaulizwa nalo kule mbele. Amina ni kumwachia Mungu. Kama jambo lina heri, lipite. Kama halina, alizuie Yeye."

"Na Mwenyekiti anaihesabu nini?"

"Anaihesabu ndiyo."

"Basi huo ni woga umevaa kanzu."

Nilidhani atakasirika. Akafikiri, akasema, "Inawezekana. Lakini umeona mtu gani mwoga anaenda na Mungu mpaka barazani?"

Ndivyo alivyokuwa. Ukimpiga na neno anakurudishia limefungwa kitambaa. Alikuwa akisema chama ni mtumbwi na dini ni ziwa: mtumbwi unaweza kuuhama, ziwa hulihami. Nikamwambia mimi watu wa maji nawajua, mtumbwi ukizama, linalokuua ni ziwa. Akasema, "Ndiyo maana siuhami mtumbwi ovyo." Tukawa tumerudi pale pale.

Hata hivyo nilimpenda. Alikula nyumbani kwangu, samaki wa mgebuka na ugali wa muhogo, mkono kwenye sahani moja na wa kwangu. Mama watoto alipofariki, Diwani ndiye aliyesimamia kaburi lichimbwe vizuri, akakaa upande wa Wakristo tangu asubuhi na kapelo yake ameigeuza nyuma. Makaburi yetu na ya Waislamu yanatazamana pale, na kando yake kuna uwanja mtupu wenye majani, tuliouweka akiba kwa vifo vijavyo. Mke wangu yuko ukingoni kabisa, wa mwisho kabla ya majani. Mahali pangu ni ubavuni mwake, na nimeshapapangia mawe. Watoto wanaona ni uchuro. Mimi kila nilichonacho nimekipanga mwenyewe, sioni kwa nini hapo nipangiwe.

Ndipo ikaja habari kwamba uwanja ule utakatwa viwanja vya maduka.

Kikao cha chama kilikwisha kukubali. Maendeleo, walisema, na kweli maduka yanahitajika, sikatai. Lakini viwanja vingeanzia kwenye mawe yangu. Ijumaa ile hata sisi tuliokuwa barabarani tuliyasikia ya msikitini, maana spika ilikuwa wazi. Imamu alimuuliza mbele ya safu zote: "Diwani, wewe ukifa tukuzike wapi? Ofisi ya chama?" Watu wakaguna. Diwani akajibu kwa sauti ndogo, "Nimesikia."

Nikaenda kwake jioni ile kabla ya Magharibi. Sikuzunguka. "Diwani, zamu hii usilete amina yako. Ile ni nafasi yangu." Hakunijibu, maana Katibu wa chama wa kata alikuwa anaingia uani. Katibu alikuwa mtu wa hapa hapa, mswalihina, wanaswali safu moja na Diwani miaka yote. Nilitaka kuondoka, Diwani akasema, "Kaa, Mzee. Hakuna siri."

Katibu akakaa, akakataa chai. "Mheshimiwa, maelekezo unayajua."

"Nayajua."

"Kesho tunataka ndiyo ya pamoja."

"Nitaitikia."

"Kuitikia siyo kusema ndiyo." Akamkazia macho, nami nikajua kwamba si mimi peke yangu mwenye masikio. "Uchaguzi uko mlangoni. Jina lako liko mezani, na kisu nacho kiko mezani. Mimi sipendi, lakini kikikata hakitaniuliza."

"Na wewe, Katibu? Baba yako amelala pale."

"Baba yangu keshapata pake," Katibu akasema, akainuka.

Diwani alibaki anatazama kikombe. Nilimwona mzee kwa mara ya kwanza. Ule udiwani ulikuwa ndiyo maisha yake. Hakuwa na shamba la maana wala chombo ziwani. Alikuwa na watu kumi kwenye kibaraza kila asubuhi wakimwita Mheshimiwa, huyu na bomba lake, yule na mume wake. Kukatwa jina kwake ni kukatwa pumzi. Nilikuwa nimekuja na hasira, nikaondoka na maswali tu.

Kesho yake ukumbi ulijaa, watu mpaka madirishani. Hoja ikasomwa. Mwenyekiti akasema, "Wanaoafiki waseme ndiyo." Ndiyo ikatoka, lakini imekonda, kama ya watu wenye mafua. "Wasioafiki." Wale wachache wa upinzani wakapiga meza mpaka haikujulikana nani kashinda. Diwani mmoja wa upinzani akasimama akataka kura ya kuita, kila kata itajwe na mwenyewe ajibu kwa mdomo wake. Mwenyekiti hakupenda, ila akakubali.

Zikaitwa. Ndiyo. Ndiyo. Hapana. Ndiyo. Ikafika kata yetu.

"Amina," akasema Diwani.

Zamu hii hakukuwa na kelele ya kulificha. Neno likakaa peke yake katikati ya ukumbi. Mtu akacheka dirishani.

"Mheshimiwa, hapa siyo msikitini. Ndiyo au hapana?"

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nimesema amina humu miaka yote na mmeipokea. Leo mnaniuliza maana yake?"

Ukumbi ukaangua kicheko, hata Mwenyekiti akaficha mdomo. Lakini mimi nilikuwa namtazama shingo, nikaona jasho linashuka ndani ya kola. Mzaha wake ulikuwa umefika mwisho wa njia. Mwenyekiti akarudia, kwa upole zaidi: "Ndiyo, au hapana."

Akaivua kapelo. Hakuigeuza, aliivua, akaiweka mezani mbele yake. Kwenye kiti cha tatu kutoka mlangoni Katibu alikuwa ameinamisha kichwa.

"Hapana," akasema Diwani. Kisha, kwa haraka, kama mtu anayekimbilia mlango usifungwe: "Na naomba iandikwe kwamba sikukihama chama. Hapana ni yangu. Chama bado ni changu."

Aliyefuata kuitwa alikuwa mama mmoja, mzee wa kanisa huko kwake, mtu mkimya sana. Sijui alichanganyikiwa au alikusudia, mpaka leo watu wanabishana. Alisimama akasema, "Amina."

Basi pale kikao kilikwisha. Watu walicheka, wakapiga makofi, wa madirishani wakaimba. Mwenyekiti aligonga meza mpaka akachoka, akasema hoja irudi kwenye kamati ikafanyiwe kazi. Imekwenda, haijarudi. Uwanja upo, mbuzi wanakula majani. Mawe yangu yapo.

Jina la Diwani lilikatwa, kama alivyoambiwa. Kibaraza chake kikawa kitupu haraka kuliko nilivyodhani mtu anaweza kusahauliwa. Kilichonishinda kuelewa ni kwamba hakuacha. Mikutano ya chama anakwenda, anakaa nyuma kwa wanachama wa kawaida. Mkono unapanda. Hoyee anaitoa vizuri kuliko waliomkata.

Nikamwambia, "Huna haya? Wamekukata na unavaa kofia yao."

"Imamu alinikemea mbele ya msikiti mzima. Ijumaa iliyofuata niliswali wapi?"

"Msikitini."

"Safu gani?"

"Ya kwanza."

"Sasa hilo hukuniuliza kama sina haya."

Mimi sipendi kukosa jibu. Nilikaa na swali lile kama mwiba wa samaki kooni mpaka juzi.

Juzi Katibu alifariki, ghafla, presha. Upande wa Waislamu umejaa, kwa hiyo walimchimbia kwenye ule uwanja mtupu, kaburi la kwanza kabisa kwenye yale majani. Nilikwenda kwa sababu mtaa ni mtaa, lakini sikwenda na moyo mweupe. Nikaangalia kaburi, nikaangalia mawe yangu. Pako karibu, watu wanaweza kuombana chumvi. Yaani yule aliyetaka kuniuzia ubavu wa mke wangu ndiye atakayekuwa jirani yangu.

Udongo ulipokwisha kusawazishwa, Imamu akamwachia Diwani wa zamani aombe dua. Alikuwa ametoka mkutano wa chama moja kwa moja, kapelo kichwani. Akaigeuza nyuma. Akasimama pale kichwani pa Katibu akafungua viganja.

Hakupamba. Akamwombea kaburi lenye nafasi. Watu: "Amina." Akamwombea watoto wake. "Amina." Kisha akasema, "Yarabi, kama kuna mtu alimkosea kwa ajili ya kazi aliyotumwa, tunamsamehe. Msamehe na Wewe."

"Amina," wakasema wote, watu wengi, kwa sauti moja nzito.

Mimi nimesema amina tangu nikiwa mtoto, kanisani, mezani, hospitalini. Ningeweza kuisema na hii ikapita katikati ya wenzake, hakuna ambaye angeihesabu. Mdomo ukakataa. Katikati ya ile Amina ya watu wengi nikasema, kwa sauti yangu yote ya mnadani:

"Ndiyo!"

Watu wakageuka. Imamu akageuka. Diwani hakugeuka, viganja vyake bado viko wazi juu ya kaburi. Lakini niliyaona mabega yake kwa nyuma, yanatikisika, na lile domo la kapelo linatikisika nayo.